Mwandishi wa Bigwa, tafuta wasomaji kabla ya mashine

KUTOKA BIGWA
Na Teresia Mkoba

Vijana wanaoandika hapa Morogoro wakikutana nami huniuliza jambo moja: kuchapa kitabu ni shilingi ngapi? Wanauliza mswada ukiwa mkononi. Mwingine kauandika kwenye kauntabuku, mwingine anao wote kwenye simu. Swali halina ubaya, ila limekuja mapema mno. Mashine za kuchapa si tatizo tena. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam na Morogoro, Juni 14, 2024, mtu wa Bigwa anaweza kuondoka asubuhi, akafika kwa wachapaji wa Kariakoo, akabishana bei na jioni akarudi kulala kwake. Tatizo liko kwingine: kitabu kikishatoka, nani atakisoma, na atajuaje kwamba kipo?

Nchi hii imewahi kuwa na kizazi kizima cha waandishi waliojichapisha, na inaniuma kwamba vijana wetu hawasimuliwi habari zao. Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974 kupitia East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika 1977, na mlango ule ukafungwa kwa waandishi wa Tanzania. Musiba hakukaa kulalamika. Riwaya zake za mpelelezi Willy Gamba ziliendelea kutoka kwa jina la Continental Publishers, kampuni yake mwenyewe. Kajubi Mukajanga alikuwa na Grand Arts Promotions. Ben Mtobwa, aliyefariki 2008, alianzisha Heko Publishers. Miaka ile karatasi ilikuwa adimu, barabara mbovu, na simu za mkononi hazikuwapo. Hata hivyo vitabu vyao vilifika kwenye vibanda vya stendi za mikoani, vikaazimwa mpaka majalada yakachanika.

Waliwezaje? Musiba alikuwa mfanyabiashara, tena baadaye akawa rais wa chama cha wenye biashara, viwanda na kilimo, TCCIA. Alijua mzigo unavyotembea kutoka ghala hadi kwa mnunuzi. Mtobwa alikuwa na gazeti. Miaka ya baadaye Eric Shigongo alipita njia hiyohiyo: magazeti yake ya Global Publishers yalibeba hadithi kwa sehemu, wiki baada ya wiki, na msomaji aliyeachwa njia panda Ijumaa alirudi mwenyewe kibandani Ijumaa iliyofuata. Kitabu kilipotoka, kilikuta watu wanakisubiri. Hawa wote walitatua suala la wasomaji, na uchapaji ukafuata. Sisi leo tunaanzia mwisho: tunachapa, kisha tunaanza kutafuta watu.

Kwa hiyo shilingi yako ya kwanza, mwandishi mwenzangu, isiende kwa mchapaji. Iende kwa mhariri. Nasema hivi nikijua fedha ni ngumu, lakini kitabu kisichohaririwa humpoteza msomaji ukurasa wa tatu, na msomaji huyo harudi kwenye kitabu chako cha pili. Wengi hudhani uhariri ni kusahihisha tahajia. Hiyo ni kazi ya mwisho, nayo mwalimu mzuri wa Kiswahili anaweza kuifanya kwa msaada wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Hapa Bigwa na mjini hatujakosa walimu, wa kazini na waliostaafu. Mhariri hasa ndiye atakayekuambia kwamba hadithi yako inaanza sura ya nne na zile tatu za mwanzo ni za kukata. Atagundua kwamba shangazi aliyezikwa sura ya pili anapika ugali sura ya tisa. Atakuuliza kwa nini watu wako wote wanazungumza kwa sauti moja, bibi wa Matombo na mwanasheria wa Dar es Salaam, kana kwamba wamelelewa nyumba moja. Mlipe. Mkikubaliana alipwe kwa awamu, andikeni, hata kama ni rafiki yako.

Ndugu na marafiki hawatoshi kwa kazi hii. Mama yako atakisifu kitabu kwa sababu kimeandikwa na mwanawe. Nenda steshenari, toa fotokopi za sura ya kwanza peke yake, uwape watu wasiokudai wala kukuogopa: fundi cherehani, mwanachuo wa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi hapa Bigwa, kondakta wa magari ya Matombo, mama anayeshusha ndizi kutoka milima iliyo juu yetu. Usiwaulize kama ni nzuri. Waulize walipoachia kusoma, na wanadhani nini kitafuata. Asiyeuliza sura ya pili amekwisha kukujibu.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze mashine. Kuna namna mbili za kuchapa. Ile ya pleti hugharimu sana mwanzoni, maana pleti hulipiwa bei ileile uchape nakala mia au elfu kumi. Ndiyo maana mchapaji hukushawishi uchape nyingi ili bei ya nakala moja ishuke. Ile ya kidijitali haina pleti, hivyo nakala moja ni ghali zaidi, lakini unaweza kuchapa hamsini tu. Chukua mfano, maana bei hubadilika: tuseme nakala 1,000 za pleti ni shilingi 4,000 kila moja, na nakala 50 za kidijitali ni 7,000 kila moja. Unauza 10,000. Ukichapa elfu umetoa milioni nne. Ukiuza mia tatu umerudisha milioni tatu, na mia saba ziko chini ya kitanda zikingoja mchwa. Ukichapa hamsini umetoa 350,000. Ukiziuza zote mkononi umebaki na faida ya 150,000, na una watu hamsini waliokusoma. Kwa mwandishi wa kitabu cha kwanza, mimi nasimama na hamsini. Zikiisha, chapa nyingine hamsini, na makosa ambayo wasomaji wamekuonyesha uyarekebishe. Nafasi hiyo mwenye nakala elfu hana.

Lakini angalia hesabu hiyohiyo dukani. Duka likichukua thelathini kwa mia, kwenye kila kitabu cha 10,000 unabaki na 7,000, yaani gharama yako yenyewe. Nakala za kidijitali, basi, uza mwenyewe, mkono kwa mkono: baada ya ibada kama umepewa ruhusa, kwenye mahafali, kwenye mikutano ya shule, kwa wenzako wa kikundi cha kuweka na kukopa. Duka lisubiri siku utakapokuwa na sababu ya kuchapa nyingi. Na ukipeleka dukani kwa mali kauli, usiondoke bila karatasi: idadi ya nakala, bei, tarehe ya kupitia hesabu, jina na sahihi ya aliyepokea. Nimeona waandishi wakizungushwa kwa miezi kwa vitabu vilivyouzwa zamani, na ushahidi wao wote ni maneno ya mdomo.

Sasa wengi wameruka karatasi kabisa. Hadithi inapandishwa Facebook sehemu tano za bure, ya sita unaambiwa tuma buku kwenye namba hii uunganishwe kwenye grupu la WhatsApp. Siibezi njia hii hata kidogo. Ni gazeti la Shigongo limehamia kwenye simu, na fedha inafika papo hapo kwa M-Pesa au Airtel Money bila dalali. Kuna kijana wa milimani huko atakayepata wasomaji Mombasa na Muscat kabla hajapata hata mmoja Msamvu, hapa mjini. Hatari yake ni softikopi. Ukishatuma faili la PDF la kitabu kizima, limekutoka; kesho liko kwenye makundi usiyoyajua, na hakuna wa kumdai. Afadhali utoe kwa sehemu, siku maalumu, bila kukosa. Anayesubiri sehemu ya Jumanne na Ijumaa atalipa kwa sababu anasubiri. Ukimkosesha mara mbili, amekwenda kwa mwingine.

Kutokosa ndiko kulikomjenga Issa Michuzi. Alianzisha blogu yake Septemba 2005 akiwa Helsinki, Finland, kwa msaada wa Ndesanjo Macha, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kublogu kwa Kiswahili. Michuzi alikuwa mpigapicha wa Daily News. Hakuja na falsafa ngumu, alikuja na picha za harusi, misiba, mikutano na mitaa, kila siku. Mtanzania wa ughaibuni alijua akifungua atakuta jambo jipya la nyumbani.

Anayetaka kublogu leo, hasa akigusa habari na matukio, asianze kabla hajasoma kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Za mwaka 2018 zilidai ada ya maombi shilingi 100,000, leseni milioni moja na ada ya mwaka milioni moja; jumla 2,100,000. Wapo walioacha kuandika kwa ajili hiyo, na kwangu mimi ada ile ilikuwa kosa: ilimpima mwandishi wa kijijini kwa kipimo cha kampuni. Kanuni ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, ada zikapungua. Uliza TCRA wewe mwenyewe aina ya maandishi yako imeangukia wapi. Usitegemee jibu la kijiweni.

Mambo ya haki na namba ni mepesi kuliko watu wanavyoogopa. Hakimiliki yako inazaliwa unapoandika; sheria ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ni kujiwekea ushahidi wa siku ya ugomvi. Namba ya utambulisho wa kitabu, ISBN, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kitabu kikitoka wapelekee nakala za kuhifadhi, ili mjukuu wako akikitafuta akikute.

Kabla hujachapa pia, tazama tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, na washindi wa kwanza walipata shilingi milioni 10 kila mmoja. Masharti yasome mapema, kwa sababu shindano la miswada hutaka kazi ambayo haijatoka. Mwandishi aliyekimbilia mashine anaweza kujifungia mlango huo mwenyewe.

Nimebakiza lililo zito kuliko yote kwangu: uandike nini? Miswada mingi ninayoletewa hadithi zake zinatokea Masaki ya Dar es Salaam au Marekani, zina maghorofa na magari ambayo mwandishi hajayapanda. Wakati huohuo barabara ya Bigwa kwenda Kisaki inapita kwenye utajiri ambao hakuna mwandishi wa Masaki atakayeujua. Kuna wazee waliosimuliwa na wazazi wao jinsi watu wa Matombo walivyokataa kuchimba matuta waliyoamriwa na serikali ya kikoloni mwaka 1955, wakagoma mpaka mpango wa serikali ukashindwa. Kuna ukoo na ardhi kurithiwa kwa upande wa mama, na ndugu wanaofikishana barazani kwa sababu mmoja anataka kuuza shamba ambalo si lake peke yake. Kuna maji ya Mto Ruvu yanayotoka milimani hapa yakanywewe Dar es Salaam, huku mkulima wa mteremkoni akikatazwa kulima karibu na kijito. Mwandishi Hammie Rajab aliuchukua Mlima Kolelo akauweka kwenye jalada la riwaya yake, Miujiza ya Mlima Kolelo. Sisi tulio chini ya milima yenyewe tumeiacha.

Kitabu cha namna hiyo kina soko linaloonekana kwa macho. Mtu wa Kinole aliyehamia Dar es Salaam atakinunua kwa sababu kina kwao. Mwalimu wa historia atakinunua kwa sababu hana kingine cha kuwaonyesha wanafunzi. Mzee uliyemhoji atataka nakala tano za wanawe. Mpe moja bure, na jina lake uliandike vizuri kwenye shukrani, kwa ruhusa yake.

Kama unaishi popote kati ya Bigwa na Kisaki na una mswada, wiki hii toa fotokopi ya sura ya kwanza umpe mtu asiye ndugu yako. Na wewe usiyeandika, ukiombwa PDF ya kitabu cha jirani yako, usiitume. Tuma namba ya simu ya mwandishi.