Nafta ya Warsaw si nafta ya Prague

Dereva wa lori anayetoka Poland kwenda Ucheki anavuka na neno lilelile, ila likifika upande wa pili linakuwa na maana nyingine. Kwa Wapolandi, "nafta" ni mafuta ya taa. Kwenye sheli ya kwanza ya Wacheki, pampu iliyoandikwa "nafta" inatoa dizeli. Angeelekea mashariki na kuingia Ukraine, neno hilohilo lingekuwa mafuta ghafi, yale yanayochimbwa ardhini kabla ya kupelekwa kiwandani. Mtaliano naye husema nafta akikusudia dizeli, ingawa pampu zake zimeandikwa "gasolio". Na Mhispania aliyehamia Buenos Aires, ambako lugha ni yake ileile, huuziwa petroli kwa jina la nafta.

Bidhaa nne, neno moja, na hakuna aliyekosea.

Neno lenyewe lina asili ya Mashariki ya Kati. Wagiriki wa kale walilichukua huko, Walatini wakalipokea, nalo likasambaa Ulaya nzima. Waarabu wanalo hadi leo kwa sura ya "naft", yaani mafuta ghafi, na Waswahili walioko Oman na nchi za Ghuba hulisikia kila bei ya pipa inapopanda au kushuka. Kilicholivuruga ni historia ya taa na injini.

Mwaka 1853 mfamasia wa Kipolandi, Ignacy Łukasiewicz, alikuwa akifanya kazi Lwów, mji ambao leo ni Lviv wa Ukraine. Alichemsha mafuta ghafi, akatenga mvuke wake, akapata mafuta yanayowaka vizuri kwenye taa. Julai 31 mwaka huo taa hizo ziliwaangazia madaktari wakimpasua mgonjwa katika hospitali ya mji huo. Wakati ule hakukuwa na magari. Mali ilikuwa mafuta ya taa, na petroli ilikuwa mabaki ya kiwandani yasiyo na soko la maana. Kwa hiyo nafta ya Wapolandi ilitulia kwenye utambi na haijahama. Kwingine neno lilibaki hai mpaka injini zilipofika, likadandia dizeli huku na petroli kule.

Petroli nayo ina vituko vyake. Kwa Kilatini ni mafuta ya mwambani. Mwingereza akisema "petrol" anataka kujaza gari. Mjerumani akisoma "Petroleum" dukani anafikiria taa au jiko. Mfaransa akitaja "pétrole" katika habari za biashara anazungumzia mafuta ghafi, na akitaka kujaza gari anaomba "essence", neno ambalo kwa Mwingereza ni kiini cha jambo au manukato ya kutilia keki.

Mjerumani anayejaza gari huomba "Benzin", na wengi huamini jina hilo limetokana na Carl Benz, aliyepata hati ya ubunifu wa gari lake mwaka 1886. Sivyo. Mkemia Eilhard Mitscherlich alilitumia neno hilo mwaka 1833, miaka 11 kabla Benz hajazaliwa. Alilitoa kwenye utomvu wenye harufu nzuri ambao wafanyabiashara wa Kiarabu waliuita "luban jawi", ubani wa Java. Masikio ya Wazungu yalidhani "lu" ni kiambishi, yakaikata, na kilichobaki kikageuka kuwa benzoini. Hivyo ubani unaofukizwa Lamu na Zanzibar una udugu wa jina na kinachomiminwa kwenye magari ya Berlin. Mwingereza yeye, akisikia "benzene", anafikiria kemikali ya maabara inayosababisha saratani.

Huu si mchezo wa wanaisimu peke yao. Mtalii Mwingereza au Mmarekani anayekodi gari Ufaransa au Ureno hukuta "gazole" au "gasóleo" na kudhani ni "gasoline". Ni dizeli. Kosa la upande wa pili ni rahisi zaidi, kwa sababu mdomo wa bomba la petroli ni mwembamba na unaingia bila taabu kwenye tangi la gari la dizeli. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu inayosukuma mafuta kwa shinikizo kubwa kwenye injini za kisasa. Petroli ikiingia humo inaondoa ulaini huo, vyuma vinasagana, na chembe zake zinasafiri hadi kwenye nozeli. Fundi hapo hazungumzii tena kubadilisha chujio, anazungumzia mfumo mzima wa mafuta. Rangi nayo haiaminiki: bomba la kijani kwa Mwingereza ni petroli, lakini Marekani kijani mara nyingi huwekwa kwenye dizeli.

Umoja wa Ulaya, wenye lugha rasmi 24, haukujaribu kumwambia Mpolandi aiache nafta yake wala Mfaransa aache gazole. Ulifanya jambo la busara zaidi. Tangu Oktoba 12, 2018, pampu za nchi wanachama na za majirani kadhaa, pamoja na vifuniko vya matangi ya magari mapya, zinabandikwa alama za aina moja. Duara lenye herufi E ni petroli. Mraba wenye herufi B ni dizeli. Umbo la uru, kama lile la kwenye karata, ni gesi. Dereva analinganisha umbo lililoko kwenye tangi na lililoko kwenye pampu, basi. Maneno yamebaki yalivyo, kila taifa na lake.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kila sababu ya kuiga. Februari 2021 wakuu wa nchi waliridhia Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga. Kwa hatua hizo mbili, mtego wa Wapolandi na Wacheki umeingia nyumbani. Matangazo ya bei ya serikali ya Kongo hutenganisha "essence", "gasoil" na "pétrole": ya kwanza ni petroli, ya pili dizeli, na ya tatu ni mafuta ya taa. Kwa hiyo petroli ya Dar es Salaam inaendesha bodaboda, na pétrole ya Bukavu inawasha koroboi. Kigali watu husema "lisansi" kwa petroli na "mazutu" kwa dizeli. Neno mazutu limetoka kwa Wabelgiji, waliokuwa wakoloni wa huko, na wao walilipata kwa Warusi, ambao hadi leo hulitumia kwa mafuta mazito ya kuchomea mitambo.

Wapo watakaosema madereva wa masafa wanayajua haya yote kwa uzoefu. Ni kweli, mzoefu hababaiki. Lakini anayeanza kazi leo habebi uzoefu wa mwenzake, na mfanyabiashara aliyenunua jenereta Kampala ili aiwashe Goma hana wa kumuuliza pale muuza madumu wa kandokando ya barabara anapomtajia bei ya "petroli".

Kutunga istilahi moja kwa nchi zote kutachukua miaka na kuzua mabishano yasiyokwisha. Stika ya duara na ya mraba ni karatasi na gundi. Kazi inaweza kuanzia kwenye sheli za barabara kuu zinazotoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam kwenda bara, ambako magari ya nchi zote hukutana kwenye foleni moja. Mashirika ya viwango ya nchi wanachama tayari hukaa pamoja katika kamati ya viwango ya Jumuiya. Jambo hili liingizwe kwenye ajenda ya kamati hiyo, na wajumbe wa Kongo wawepo tangu kikao cha kwanza, maana pétrole yao ndiyo itakayowachanganya wengi.