DENI LA MSAFIRI

Ndugu wanachama, wako wenzetu ambao wakirudi kutoka ng'ambo hawaishi kusifu ukarimu wa wenyeji wa huko: jinsi walivyoonyeshwa njia na kulishwa na watu wasiowajua. Ni vema. Lakini mgeni akifika mbele ya meza zao za kazi, humpokeaje?

Mwaka 1331 Ibn Battuta wa Tangier alikuja pwani yetu hii. Mogadishu aliwaona vijana wakiliendea jahazi kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula, akimshika mfanya biashara mmoja kuwa mgeni wake. Mtu atasema walitafuta faida. Naam. Lakini huko Kilwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akitoka katika sala ya Ijumaa, alizuiwa njiani na maskini wa Yemeni aliyetaka nguo zile zile alizovaa. Akaenda akazivua, akampa. Yeye alitafuta faida gani?

Sisi hatuombwi kanzu. Twaombwa jibu tu, nasi twalipwa mshahara ili tulitoe. Walakini mtu aliyetoka mbali twamwambia, "Njoo kesho," pasipo hata kumtazama. Aliyetendewa wema ugenini ana deni. Na alilipe mezani pake, si kwa hadithi.