Eti Wazo Ni Lako? Tuoneshe Hataza Basi!

Wadau, wiki hii magrupu ya WhatsApp ya huku kaskazini yamechafuka. Kuna bwana mmoja, jina kapuni, yule anayevaa miwani ya jua mpaka usiku, anatembeza picha ya cheti na kuwatisha vijana wanaotengeneza programu za kuuza safari za Mnemba. Anasema kubuku boti kwa simu ni wazo lake, kalisajili, na atakayemuiga wataonana mahakamani. Vijana wawili wa hapa Nungwi wameshaacha kazi yao katikati kwa woga. Hapo ndipo nilipochoka kunyamaza.

Nimekikuza kile cheti kwenye simu nikakisoma. Cheti cha jina la biashara! Tena cha BRELA, cha Bara. Yakhe, jina la biashara si hataza. Hataza ni haki ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako, na hudumu miaka 20. Halafu mambo haya si ya Muungano: Bara wana BRELA, sisi tuna BPRA. Hata angekuwa na hataza ya kweli ya Bara, ingeishia bandarini Dar.

Haya, tuseme anakuja kuomba hapa hapa. Sheria ya Zanzibar Namba 4 ya 2008, ile ya mali za viwanda, imeziweka nje ya hataza kanuni za hesabu na njia za kufanya biashara. Sasa kuuza safari ya boti kwa simu ni nini kama si njia ya kufanya biashara? Alichonacho, kama kweli kaandika mwenyewe, ni hakimiliki ya msimbo wake. Nikinakili mistari yake anishitaki, nitakuwa nimestahili. Nikikaa nikaandika yangu tangu mwanzo, hana lake.

Najua mtasema natetea wizi. Nendeni pwani kwa mafundi wetu wa vyombo. Ngalawa ya fundi fulani utaijua kwa mkono wake, lakini matengo yana hati ya nani? Nani anatozwa kwa kupandisha tanga la pembe tatu? Kila fundi kaona kwa mwenzake, kisha kachonga chake.

Na huyu bwana mwenyewe, hiyo programu kaiandikaje? Kama ni Python au JavaScript, basi katumia "if", katumia lupu, katumia fankisheni. Zote kazikuta. Kamlipa nani?

Wakubwa walishajaribu huu mchezo. Oracle walimshitaki Google mwaka 2010 kwa ajili ya Java ndani ya Android, yaani simu hiyo hiyo uliyoshika. Walidai hataza na hakimiliki kwa pamoja. Dai la hataza lilianguka mwaka 2012. La hakimiliki likaburuzwa mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, Google akashinda Aprili 2021. Miaka kumi na kitu! Na hao wana mawakili wa kujaza Uwanja wa Amaan. Kijana mwenye kompyuta ya mkopo ataweza wiki ngapi?

Jirani zetu Kenya pia yaliwakuta. Mwaka 2012 Faulu walikwenda mahakamani kutaka M-Shwari ya Safaricom isimamishwe, wakidai wazo limetoka kwao. Mahakama haikuisimamisha. Huku kwetu Vodacom walileta M-Pesa mwaka 2008, Zantel nao wakaja na Z-Pesa, kisha Airtel na Tigo wakafuata. Angeruhusiwa wa kwanza kufunga mlango, leo ungekuwa unamtumia mama hela kwa mtandao mmoja tu, kwa ada atakayojisikia mwenyewe.

Linaloniuma zaidi ni hili. Tovuti za nje zinauza safari zetu kila siku na kukata kamisheni kabla nahodha hajaona shilingi. Hao hajawatisha hata kwa ujumbe mmoja. Ubabe wake wote unaishia kwa watoto wa mtaani kwake, ambao ndio pekee wangeweza kuirudisha hiyo kamisheni nyumbani.

Kwa hiyo kaka, najua unasoma. Lete namba ya hataza, mwaka ilipotolewa na ofisi iliyoitoa. Nitaibandika hapa hapa, juu kabisa ya ukurasa. Na nyinyi wawili, washeni kompyuta.