Nyumba ya Msiba Si Nyumba ya Starehe

Mtu mwenye adabu akifika penye matanga hupunguza sauti. Hata kama marehemu hakuwa ndugu yake, haleti mzaha, wala hatoi fedha ili aonyeshwe kitanda alichofia. Lakini katika nchi ya Marekani iko biashara ya miaka mingi inayopindua adabu hiyo: watu husafiri mbali, hulipa kiingilio, ili wakanyage mahali ambapo wenzao waliuawa vibaya. Wasomaji wapenzi, tuitazame biashara hiyo wazi, tusiogope kuitwa washamba.

Katika mji wa Fall River, jimbo la Massachusetts, tarehe 4 Agosti 1892, mzee Andrew Borden na mkewe Abby waliuawa kwa shoka nyumbani mwao. Binti wa mzee huyo, Lizzie, alishtakiwa, na mwaka 1893 mahakama ikamwachilia. Leo nyumba hiyo ni makumbusho na nyumba ya wageni. Mwenye fedha hulala katika chumba kile kile ambamo Bibi Abby alianguka.

Huko Villisca, jimbo la Iowa, usiku wa kuamkia tarehe 10 Juni 1912, watu wanane waliuawa kwa shoka vitandani mwao: Bwana Josiah Moore, mkewe Sarah, watoto wao wanne, na wasichana wawili waliokuja kulala kwao. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa. Nyumba hiyo nayo hukodishwa kwa usiku, hasa kwa wale wanaotafuta mizimu. Fikirini basi: watoto sita walilala humo wasiamke tena, na sasa mtu mzima hulipa ili aogope kidogo, kisha arudi kwake akisimulia kwa kicheko!

Watetezi wa biashara hii husema: “Sisi twajifunza historia.” Haya, tuipime historia yao. Tarehe 23 Mei 1934, karibu na Gibsland, jimbo la Louisiana, polisi waliwavizia wanyang’anyi wawili, Bonnie Parker na Clyde Barrow, wakawapiga risasi garini mwao. Watu wakakimbilia pale, wakakata nywele na vipande vya nguo za maiti, wapate ukumbusho. Gari lenye matundu ya risasi likatembezwa kutoka mji hadi mji, watazamaji wakilipa. Majina ya wawili hao yajulikana hata ng’ambo ya bahari.

Je, nani amjua H. D. Murphy? Alikuwa polisi kijana huko Texas, amekaribia kufunga ndoa. Siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934, genge la Barrow lilimwua njiani pamoja na mwenzake, Edward Wheeler. Mchumba wake alikwenda maziko amevaa nguo ya harusi. Mtalii anayepiga picha kando ya gari la wauaji hamwulizi habari huyo dada. Hiyo ndiyo historia anayojifunza: jina la mwuaji analishika, jina la aliyeuawa analiacha njiani.

Wengine husema: “Mji mdogo wapata chakula kwa wageni hao.” Njaa twaijua, wala hatumdharau mtu atafutaye riziki. Lakini si kila kinacholeta fedha huuzwa. Watu wa Milwaukee walionyesha hivyo. Jeffrey Dahmer alipokwisha kukamatwa mwaka 1991 kwa kuua vijana wengi, jengo alimokaa lilibomolewa mwaka 1992. Vyombo vyake vilipotaka kupigwa mnada, watu wa mji walichanga fedha nyingi, si kwa kuviweka, bali kwa kuviharibu. Wangeweza kupata faida, wakachagua heshima.

Msinielewe vibaya. Sisemi mahali palipotendwa uovu pafungwe pote na pasahauliwe. La, hasha! Kusahau nako ni kuwadhulumu wafu. Huko Montgomery, jimbo la Alabama, ilifunguliwa mwaka 2018 kumbukumbu ya watu weusi zaidi ya 4,000 waliouawa na makundi ya wazungu pasipo hukumu. Nguzo za chuma zaidi ya 800 zimechorwa majina yao, pamoja na wilaya walimofia. Hapo mgeni hasikii sifa za mwuaji. Husoma jina la mtu, mwaka, na wilaya, naye hunyamaza.

Tena twapaswa kujua jinsi ukumbusho wa namna hiyo unavyopigwa vita. Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14, aliuawa Mississippi mwezi wa Agosti 1955. Wauaji wake waliachiliwa na mahakama, kisha mwaka 1956 wakakiri katika gazeti, nao wakalipwa fedha kwa habari hiyo. Kibao kilichowekwa kando ya mto alimopatikana kiliibwa. Kilichofuata kikatobolewa kwa risasi tena na tena, hata mwaka 2019 ikalazimu kuweka kingine cha chuma kizito kisichopenya risasi. Tazameni maajabu haya: nyumba ya shoka hupakwa rangi na kutunzwa vizuri, lakini kibao cha mtoto aliyeonewa hupigwa risasi!

Basi, kosa haliko katika kwenda, liko katika kwenda kwa kuchezea msiba. Mwenye nafasi ya kufika huko ajiulize kwanza: mama wa marehemu angekuwapo mlangoni, ningeweza kumtazama usoni nikimwambia ninalotafuta ndani? Mama yake Emmett aliacha jeneza wazi, kwa kuwa alitaka watu waone walichomtendea mwanawe. Aendaye kwa moyo huo, na aende. Aendaye kutafuta msisimko, abaki kwao, na fedha yake aipe familia yenye kilio karibu naye.