Chupa Yasema 99.9: Ilipimwa Katika Hali Gani?

Mama wa Wanging'ombe anunuapo dawa ya kuua vijidudu husoma kwenye chupa kwamba yaua asilimia 99.9. Hatusemi kuwa maandishi hayo ni uongo. Twauliza tu: dawa hiyo ilipimwa katika hali gani?

Swali hili si geni. Mwaka 1903, huko Uingereza, Rideal na Walker walitunga kipimo cha kulinganisha nguvu ya dawa na ile ya asidi ya kaboliki, wakitumia vijidudu vya homa ya matumbo. Lakini hawakutia uchafu wowote. Mwaka 1908 Bibi Harriette Chick na Bwana Charles Martin wakachanganya humo kinyesi kilichokaushwa, na dawa zilizosifiwa sana zikapungukiwa nguvu.

Hayo ndiyo ya ndoo zetu. Klorini ikitiwa katika maji ya tope huishia kwenye tope kabla ya kuvifikia vijidudu. Ndoo ya maziwa isiyosuguliwa ni hivyo hivyo. Tena, ndugu, pigeni hesabu: vijidudu milioni moja vikifa kwa asilimia 99.9, hubaki elfu moja, navyo katika maziwa ya vuguvugu huzaana upesi.

Vipimo vya Ulaya vya siku hizi hutenganisha hali safi na hali chafu. Twataka Shirika la Viwango na Mamlaka ya Dawa wahakikishe kila chupa yaeleza, kwa Kiswahili, ilipimwa katika hali ipi na kwa dakika ngapi. Kwa sasa, sugueni kwanza kwa sabuni, suuzeni, ndipo mtie dawa.