Nimeuza Africa Twin, Sasa Naitwa Boda

Nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi, na baadhi yenu mmeshaanza kuuliza kama nimesafiri au nimefilisika. Sijasafiri. Nimeuza pikipiki. Lile dude langu mnalolijua limepata mwenyewe mwingine, na kwa sehemu tu ya hela zile nimenunua Boxer ya cc 150. Ndiyo, Boxer. Hiyo hiyo unayoipanda ukichelewa kazini.

Kwenye chumba cha habari taarifa hii ilipokelewa kama msiba. Jamaa wa dawati la michezo alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, mambo yamekuwa magumu kiasi hicho?" Dada mmoja wa uchumi akataka kujua nauli ya kutoka ofisini hadi kwake Sinza itakuwa shilingi ngapi. Mhariri wetu, mzee asiyekuwa na muda na mambo ya vijana, alichungulia dirishani, akaiona imeegeshwa chini ya mwarobaini, akasema, "Afadhali. Lile lingekuua." Kisha akauliza habari yangu ya ukurasa wa tatu iko wapi.

Ngoja nieleze, maana hapa kuna jambo linalonisumbua ambalo si la pikipiki peke yake.

Ile niliyouza ni Honda Africa Twin ya cc 750, zile za zamani zilizotengenezwa hadi mwaka 2003. Niliinunua kwa mhandisi mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba wake hapa Dar, kwa akiba yangu yote na mkopo wa saccos juu yake. Wapenzi wa pikipiki wanajua ukoo wake: Honda walishinda mbio za Paris–Dakar miaka minne mfululizo, 1986 hadi 1989, kwa mashine iliyoitwa NXR750, na mwaka 1988, ushindi huo ukiendelea, wakaanza kuwauzia watu wa kawaida pikipiki ya sura ile ile na kuipa jina la bara letu. Injini silinda mbili, nguvu farasi kama 60, uzito zaidi ya kilo 200 kabla hujajaza tangi lake la lita 23. Mimi nina kilo 61. Piga hesabu mwenyewe.

Nisiwe mnafiki, niliipenda. Jumapili alfajiri, ukishapita Bunju na barabara ya Bagamoyo ikafunguka mbele yako, hakuna kitu kama kile duniani. Lakini wiki ina Jumapili moja tu. Siku nyingine zote nilikuwa natoka Goba kwenda mjini saa moja asubuhi pamoja na watu wote wa Goba.

Mnaijua foleni ya Mwenge. Usukani wa ile mashine ulikuwa mpana, na nyuma nilikuwa nimefunga masanduku mawili ya bati (sijui nilidhani naenda Cairo), kwa hiyo kupenya kati ya daladala mbili ilikuwa ndoto. Nikawa nakaa nyuma ya bomba la moshi kama watu wa kwenye magari, isipokuwa wao wana kiyoyozi na redio, mimi nina injini inayochemka katikati ya mapaja. Boxer zinanipita kulia, zinanipita kushoto. Siku moja mwenye Boxer aliyebeba abiria wawili, magunia ya mkaa na kuku alinipita, akanipungia mkono. Nilimchukia siku nzima.

Mafuta nayo. Lita moja ilinipeleka kilomita 17 au 18 hivi mjini, wakati hii Boxer inavuka 40 bila kulalamika. Tangu petroli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022, nilikuwa nasubiri bei mpya za EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kama mtu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Tairi la mbele, la inchi 21, nililitafuta Gerezani hadi mafundi wakawa wananiona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla sijafika. Boxer ikipata pancha hapa ninapoandika, kuna vijana watatu ndani ya mita mia moja wanaoweza kuifanya huku wanapiga soga.

Lakini hayo yote nilikuwa nayajua hata kabla sijanunua, na bado nilinunua. Kilichonishusha ni udongo.

Ilikuwa Aprili, masika yameshika, narudi usiku kutoka kazini. Wanaokaa Goba mnajua vile vilima vyetu vya udongo mwekundu vinavyokuwa mvua ikinyesha. Nilikuwa napanda kilima cha mwisho kabla ya nyumbani, mtoto wa mtu akakatiza mbele, nikakamata breki, nikashusha mguu. Mguu haukukuta ardhi, ulikuta tope. Pikipiki ikalala taratibu kabisa, kwa heshima zote, juu ya mguu wangu wa kulia. Sikuvunjika. Ila nilikuwa nimebanwa, bomba la moto karibu na kifundo, mvua inanyesha, na mimi msomi wa chuo kikuu nalia "jamani" gizani.

Walikuja vijana wanne wa kijiwe cha pale juu. Iliwachukua wote wanne kuinyanyua, na mmoja alianguka wakati wa kuinyanyua. Walipoisimamisha, mdogo wao, hata miaka ishirini sidhani kama amefika, akamulika tangi kwa simu, akasoma maandishi pole pole: "A-fri-ca Twin." Akaniangalia. "Braza, hii Africa gani?"

Walicheka hadi nikacheka. Hawakutaka hela. Mmoja alinifuata nyuma hadi mlangoni kuhakikisha nimefika.

Usiku ule nilijiuliza swali ambalo mwandishi wa habari alipaswa kujiuliza mapema: hii mashine naiendesha kwa ajili ya nani? Jibu halikunifurahisha. Kuna ofisi moja ya serikali ninayokwenda mara kwa mara kufuata habari. Nikifika na Honda, mlinzi alikuwa anafungua geti kabla sijasimama. "Karibu bosi." Bosi! Mshahara wangu mnaujua. Nilikuwa nimekopa mamilioni ili mlinzi asiyenijua aniite bosi mara mbili kwa wiki.

Wiki ya kwanza ya Boxer nilikwenda geti lile lile, mlinzi yule yule, mimi yule yule. Kabla sijavua helmeti: "We boda! Toa chombo hapo, unaziba njia." Nikavua, nikatoa kitambulisho. Akaona aibu kidogo, akaniomba radhi, "Samahani bosi, nilidhani ni bodaboda." Nikaingia. Nilipofika ndani ndipo ile samahani ikaanza kunichoma. Aliniomba radhi kwa kunidhania bodaboda, siyo kwa ile lugha. Angekuwa kweli ni kijana wa kijiweni amemletea mtu bahasha, lugha ile ingekuwa sawa tu.

Na mimi nani wa kumnyooshea mlinzi kidole? Nilirudi nikafungua habari zangu za nyuma za ajali na za "kero" za bodaboda. Katika moja nimeandika kwamba wengi wao hawana elimu ya usalama barabarani, na nimeiandika kwa uhakika kabisa, wakati nakumbuka vizuri sikumuuliza hata mmoja. Nilinukuu ofisa, nikaenda kula. Nyingine ni aya mbili: watu wawili wamekufa, dereva wa gari ametajwa jina na kazi yake, na aliyekufa na abiria wake ni "mwendesha bodaboda". Hana jina. Halafu fikiria hili. Ningegongwa nikiwa juu ya Honda, gazeti letu lingeandika kwamba mwandishi wa habari amepata ajali. Nikigongwa juu ya Boxer, hadi mtu atakapopekua mfuko wangu, mimi ni bodaboda, na pengine ni kosa langu.

Hii ndiyo sababu naamini vijana wengi wa rika langu hawanunui pikipiki ndogo hata kama ndiyo inayowafaa. Tunasema ni hatari, tunasema ni ya Mhindi haidumu. (Kwa faida yenu, kampuni inayotengeneza Boxer ni Bajaj ya India, ile ile ambayo jina lake tumeligeuza kuwa jina la chombo cha magurudumu matatu. Tunaipanda kila siku.) Ukweli ni kwamba tunaogopa kuonekana. Kijana atakopa anunue gari linalolala sheli kuliko aonekane juu ya chombo cha laki tano kwa mwezi akidhaniwa anatafuta abiria.

Huko nje mbona hawaoni haya? Honda Super Cub, kipikipiki kilichoanza mwaka 1958, kilifikisha jumla ya milioni 100 mwaka 2017, hakuna chombo chenye injini kilichouzwa kuliko hicho. Na wanaosema safari ndefu lazima dude kubwa, wamsome Mwingereza Lois Pryce. Alitoka London hadi Cape Town, kupitia Sahara na Congo, kwa Yamaha ya cc 250, na kabla ya hapo alishatoka Alaska hadi ncha ya Argentina kwa cc 225. Wale waigizaji wawili, Ewan McGregor na Charley Boorman, walipozunguka dunia mwaka 2004 na BMW zao kubwa, mpiga picha wao alilazimika kupanda pikipiki nyepesi ya Kirusi baada ya BMW yake kuharibika. Mtu akikuonyesha ule mkanda, angalia sehemu ya matope ya Mongolia, uniambie ni nani anayehangaika.

Siwauzii Boxer, msinielewe vibaya. Barabara kuu ya Morogoro sikwendi nayo. Lori likija nyuma yako na wewe umeshamaliza gia zote, hakuna pa kukimbilia, na breki zake za ngoma zinataka uwe umefikiri mapema. Pale MOI Muhimbili wodi zinajua pikipiki ndogo zinafanya nini. Helmeti navaa, na abiria wangu anavaa, hata kama ni kwenda dukani. Ile Honda kwenye lami tupu ilikuwa inanipa nafasi ya kujiokoa ambayo hii hainipi, na kuna Jumapili naikumbuka hadi roho inauma.

Ila sasa naegesha popote. Nimesimama kwenye vichochoro vya Tandale na Manzese ambavyo zamani nilikuwa naviandika kutokea lami. Mvua ikinyesha nakaa na vijana chini ya turubai lao kijiweni, na nimepata habari tatu pale mwezi huu, moja ya leseni inayonifanya nisilale. Wanajua mimi ni mwandishi. Yule mdogo wa "Africa gani" ameshaniuliza kwa nini gazetini hatuwaandiki majina. Nikamwambia nitamuuliza mhariri. Nimemuuliza. Kasema tuandike, ila tuyapate kwanza.

Kwa hiyo kuanzia wiki hii, kila ajali nitakayoandika nakwenda kijiweni kwanza kutafuta jina. Na wewe ukiniona Mwenge jioni usinipungie mkono kama unataka nauli ya Makongo. Kama ni njia moja panda tu, helmeti ya pili ninayo.