Mafuta ya Nyama ya Kusaga: Tumwage au Tuache?

Wanachuo wenzangu, wengi wetu tukikaanga nyama ya kusaga tunamwaga mafuta yake yote, eti afya. Dakika mbili baadaye tunamimina mafuta ya dukani kuunga mchuzi. Afya ipi hiyo? Gramu 1 ya mafuta ni kalori 9, yawe ya ng'ombe au ya alizeti.

Kama ni sambusa, kama zile za mitaa ya Mchafukoge, chuja bila huruma. Nyama ikibaki na mafuta, manda inalowa na sambusa inapasuka kwenye karai. Lakini kwa mchuzi wa geto, bandika nyama yenyewe, moto mdogo. Ikitoa mafuta, kaangia humo humo vitunguu na nyanya. Yakizidi, punguza kwa kijiko, maana mafuta ya ng'ombe yakizidi si rafiki wa moyo.

Ila usimwage kwenye sinki! Yanaganda bombani, hosteli nzima inateseka. Yaache yagande kwenye kopo, kisha tupa.

Mafuta hayo umeshayalipia buchani kwa bei ya nyama. Bumu lenyewe hili, unayalipia mara mbili ya nini?